Mlio wa Nyuma: Difu, Springi na Mafundi wa Miji ya Mlima Kenya

Mwezi Julai 1975 baridi kali ilishuka juu ya mashamba ya kahawa ya Paraná, kusini mwa Brazili, ikaunguza mibuni kwa mamilioni. Bei ya kahawa duniani ikaanza kupanda, na kufikia 1977 ilikuwa imefika mahali ambapo wakulima wa Othaya, Tetu na Mathira hawakuwahi kuiona. Malipo ya vyama vya ushirika yakaingia. Pamoja na mabati mapya na karo za shule yakaja magari: pikapu, matatu na Peugeot kwa wingi. Baridi ya Brazili ikawapa kazi mafundi wa Nyeri na Karatina, kwa maana haukupita muda mrefu kabla magari hayo hayajaanza kugonga nyuma.

Historia ya usafiri wa Kenya huandikwa kwa reli, kwa sheria na kwa majina ya mawaziri. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya ipo njia nyingine ya kuifuata: kuuliza ni chuma gani kilikuwa kikilegea chini ya bodi, miaka gani, kwa sababu ya mzigo gani, na ni nani aliyelala chini ya gari akikitafuta.

Nchi yenyewe ina mkono wake katika jambo hili. Nyeri imekaa kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mito inayoteremka kutoka pande zote mbili imeichanja nchi kuwa migongo na mabonde, na barabara ya kwenda Othaya au Mukurweini haina budi kushuka hadi darajani kisha ipande tena, bonde baada ya bonde. Upande wa mashariki ni vivyo hivyo: anayetoka Embu kwenda Meru kupitia Chuka huvuka Ruguti, Thuchi, Nithi na Mutonga. Gari likipanda, ndani ya difu, lile kasha la gia la ekseli ya nyuma, meno ya pinioni husukuma meno ya krauni kwa upande mmoja. Dereva akiachilia mafuta kwenye mteremko, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na meno hayohayo huegemea upande wa pili. Palipo na nafasi iliyozidi, iwe kwenye meno, kwenye krosi ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) au kwenye ncha ya hafushafti, kila kuhama huko hutoa sauti: ngo! Dereva wa Garissa anaweza kwenda kutwa nzima kwenye tambarare asiisikie. Wa Mukurweini huisikia kabla hajafika daraja la pili.

Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 kama kambi ya kijeshi ya Waingereza, baada ya msafara wa Richard Meinertzhagen dhidi ya watu wa Tetu. Mizigo ya miaka hiyo ilikwenda kwa vichwa vya wapagazi na kwa magari ya ng'ombe. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikapanda polepole kupitia Sagana na Karatina hadi ikamalizikia Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini haikuingia Nyeri mjini. Stesheni ilijengwa Kiganjo, mwendo wa kilomita kadhaa, na kila gunia na kila mgeni wa kwenda mjini alihitaji kupakiwa tena. Eric Sherbrooke Walker alipofungua hoteli ya Outspan mwaka 1928, na Treetops mwaka 1932, wageni wake waliosafiri kwa treni walimalizia safari yao ndani ya motokaa. Kosa la reli likawa riziki ya lori.

Chuma, kwa upande wake, kilikuwa na wenyewe zamani. William na Katherine Routledge, waliokaa miongoni mwa Wakikuyu mwanzoni mwa karne iliyopita, walieleza katika kitabu chao cha 1910 jinsi wahunzi walivyokusanya mchanga wenye chuma, wakauosha na kuuyeyusha kwa makaa na mivukuto. Waya na vyuma vya dukani viliua kazi ya kuyeyusha, kisha magari yakaleta malighafi bora zaidi. Jani la springi ya lori ni chuma kigumu, chenye kaboni ya kutosha kushika makali. Simi, panga na majembe yamefuliwa kutokana na springi zilizokatika kote Afrika Mashariki, na wahunzi wa mlimani hawakubaki nyuma. Isidhaniwe tu kwamba mhunzi ndiye aliyegeuka makanika. Ufundi wa magari uliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa gereji ya Mhindi. Mafundi wa Kipunjabi, wengi wao Masingasinga, walikuja na reli wakabaki na spana, na katika kila mji mdogo wenye wazungu mashambani palikuwa na duka la Mhindi na nyuma yake karakana. Nyeri ina mtaa unaoitwa Asian Quarter hadi leo. Mwafrika aliingia humo kama kibarua wa kuosha vyuma kwa petroli, kushika taa na kupitisha spana. Hakupewa kitabu wala hakuelezwa mengi. Alitazama. Kenneth King, mtafiti Mwingereza aliyewafuatilia mafundi wa Kenya miaka ya 1970 na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi ulivyohama hivyo, kutoka kwa mwajiri Mhindi hadi kwa kibarua wake, kisha kwa vijana waliojiunga na kibarua huyo alipojitegemea. Katika mnyororo wa namna hiyo sikio hujifunza kabla ya mkono. Kijana asiyeruhusiwa kufungua difu anaruhusiwa kuisikiliza.

Shule ya pili ilikuwa jeshi. Vita Kuu ya Pili viliwafanya maelfu ya Waafrika wa Kenya kuwa madereva na mafundi wa malori kutoka Abisinia hadi Burma. Nanyuki ilijaa kambi, uwanja wa ndege na kambi namba 354 ya mateka wa Kiitaliano. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka Januari 1943 pamoja na wenzake wawili ili kuupanda Mlima Kenya. Vifaa vyao vya kukanyagia barafu walivitengeneza wenyewe kutokana na vyuma vya magari yaliyotupwa kambini. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Kwa haki, Waitaliano hao watatu wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa mafundi wa mwanzo wa vyuma chakavu wa Nanyuki.

Askari Waafrika waliporudi mwaka 1945 na 1946, wengi walitia akiba zao katika malori na mabasi ya ushirika. Magari yenyewe yalikuwa mabovu tayari, leseni zilikuwa haba, na kampuni nyingi zilikufa mapema. Kilichobaki ni watu waliojua kuvunja ekseli na kuirudisha.

Halafu Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Wenye magari walikuwa katikati ya mambo tangu mwanzo: Fred Kubai, mmoja wa viongozi waliofungwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, alitoka katika chama cha wafanyakazi wa usafiri, na madereva wa teksi wa Nairobi walipitisha watu na ujumbe wa Mau Mau. Msituni Nyandarua na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wapiganaji walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira wa tyubu, kazi isiyowezekana bila mtu aliyewahi kushika tupa na jiliwa. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwafagia maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi, madereva na mafundi wakiwemo, na walioachiliwa baadaye wengi hawakuruhusiwa kurudi jijini. Walirudishwa wilayani kwao pamoja na walichokijua. Serikali ilikusudia kuivunja Nairobi ya Mau Mau. Bila kukusudia, ilipeleka mafundi mlimani.

Uhuru ulifungua kilichobaki. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, hasa katika miji midogo, na Wahindi wengi waliondoka Kenya mwaka huo na uliofuata. Karakana zikabadili mikono, nyingine zikafungwa, na waliokuwa vibarua wakatandika magunia chini ya miti na kuanza wenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, watu wa namna hii walipewa kwa mara ya kwanza heshima ya kuitwa sekta. Mwaka 1973 Kenyatta aliwaruhusu wenye matatu kufanya kazi bila leseni maalumu ya uchukuzi, na magari yaliyokuwa yakijificha kwa askari yakajitokeza barabarani mchana. Wakati huo ndipo Peugeot ilipoingia katika ufalme wake.

Sifa yake ilikuwa imetangulia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, kwenye njia ambazo kwa miaka mingi zilijumuisha tope la kuzunguka Mlima Kenya. Mara mbili alishinda Nick Nowicki, na mara mbili Bert Shankland kutoka Tanzania. Mtu aliyeona gari hilo likitoka topeni Nanyuki hakuhitaji tangazo la biashara. Baadaye ikaja 504, iliyoshinda Safari ya 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikaunganishwa hapa nchini, na ile ya stesheni wagoni ikawa teksi ya masafa ya Nairobi, Nyeri, Nanyuki na Meru. Kiwandani ilikusudiwa watu saba katika safu tatu. Barabarani walihesabiwa walioweza kuingia.

Sasa, difu ya 404 haikuwa kama difu nyingine. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na pinioni na krauni za chuma kwa chuma. Wafaransa wa Peugeot waliweka skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Ilikuwa kimya na imara, na ilikuwa na adui mmoja aliyekaa kwenye kila rafu ya kituo cha petroli: oili ya gia ya kawaida. Oili ile ya EP, aliyoizoea kila fundi wa Bedford na Land Rover, ina kemikali za salfa zinazolinda chuma dhidi ya shinikizo, lakini salfa hiyohiyo huila shaba. Mwenye gari aliyeongeza oili yoyote aliyoipata hakuona kitu siku hiyo wala mwezi huo. Meno ya shaba yaliliwa polepole, na siku gari lilipoanza kugonga likiondoka, oili iliyofunguliwa ilitoka na unga unaometameta wa rangi ya dhahabu. Unga huo ulimwambia fundi kila kitu. Hakukuwa na cha kurekebisha. Ilikuwa kutafuta difu nyingine kutoka kwa gari lililoanguka.

Tofauti ya pili ilikuwa propela. Kwenye lori au Land Rover propela iko wazi na ina krosi mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo mlio wa kuondoka unaweza kutoka kwa yoyote kati ya hizo. Kwenye 404 propela ilijificha ndani ya bomba lililofungwa moja kwa moja kwenye difu, na krosi ilikuwa moja tu, mbele, karibu na gia. Fundi aliyetoka kwenye malori akaileta mikono yake kwa Peugeot alilala upande wa nyuma akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Madereva wa siku hizo walijua kuwatofautisha mafundi kwa mahali walipolala.

Mpangilio wa kazi yenyewe, kama ulivyokuwa ukifanywa kwa stesheni wagoni ya 504, unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu haukuandikwa popote mlimani na bado ulifanana kutoka Karatina hadi Meru. Kwanza buti lilimwagwa lote: jeki, gurudumu la akiba, kreti ya soda, mtungi. Ekseli nyingi zilifunguliwa bure kwa sababu ya jeki iliyokuwa ikibiringika. Kisha fundi alimwambia dereva, "Dere, achilia klachi polepole," akasikiliza gari likianza kwenda mbele, halafu likirudi nyuma. Mlio mmoja mkavu wakati wa kuondoka, na mwingine wakati wa kubadili gia, ulimpeleka kwenye krosi au kwenye mikato ya hafushafti. Mlio wa kwenye mashimo, mwendo ukiwa uleule na mguu haujagusa chochote, haukuwa wa difu hata kidogo. Huo ulikuwa wa bushi, wa shokabzoba, au wa ile fimbo inayoizuia ekseli isiyumbe kando, ambayo bushi zake za mpira zilikufa mapema kwenye barabara za changarawe. Mlio wa kwenye kona peke yake ulimfanya fundi anyamaze kidogo, maana huko ndiko ziliko gia ndogo za ndani ya difu, zile zinazoruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani, na hizo hazifikiwi bila kufungua kila kitu.

Kuvuma ni jambo jingine. Difu inayolia dereva anapokanyaga mafuta na kunyamaza anapoachilia ina meno yaliyokaa vibaya. Sauti inayoendelea vilevile, mafuta yawepo au yasiwepo, ni ya beringi ya gurudumu. Ili kuhakikisha, gari lilipandishwa juu ya mawe au magogo, injini ikawashwa, na fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nyumba ya difu na sikio lake kwenye mpini. Kutoka hapo alihama inchi chache, akasikiliza tena, mpaka sauti ikawa karibu. Mwisho, injini ikiwa imezimwa na gia imeingizwa, alizungusha gurudumu kwa mkono mbele na nyuma na kupima kwa macho ni kiasi gani linakwenda kabla halijakataa.

Difu iliyofunguliwa ilihitaji subira ambayo si kila gereji ilikuwa nayo. Pinioni na krauni hukaa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vinavyoisogeza gia kwa sehemu ndogo ya milimita. Aliyefundishwa vizuri alipaka meno rangi, akayazungusha, akatazama alama imekaa wapi: katikati ya jino, kwenye ncha au kwenye mzizi, kisha akatoa shimu au akaongeza, na kurudia. Wako waliokata shimu kwa bati la mkebe. Difu za namna hiyo zilinyamaza kwa majuma machache na kurudi zikilia kuliko mwanzo. Ilikuwepo pia hila ya zamani ya wauza magari, inayojulikana duniani kote, ya kujaza difu kwa unga wa mbao uliochanganywa na grisi ili mnunuzi asisikie kitu siku ya kulijaribu gari. Aliyenunua gari kimya sana aliambiwa amwage oili kwanza kabla ya kushangilia.

Malori yaligonga kwa namna yao, na kwa sababu ya zao lingine. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo nchini kilifunguliwa Ragati, Mathira, mwaka 1957, na kuanzia 1964 KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikawa inakusanya majani mabichi kutoka vituo vilivyotapakaa kandokando ya msitu. Jani la chai halingoji. Likikawia linaungua kwenye magunia. Kwa hiyo lori la majani huingia kwenye njia ya udongo mwekundu hata mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, kwa sababu mvua ndiyo inayoleta majani mengi. Kwenye malori ya Bedford, na baadaye Isuzu, sauti ya nyuma ilitoka kwenye springi: pini zilizokosa grisi na kuliwa upande mmoja, bushi zilizoisha, senta-bolti iliyokatika ikaiacha ekseli isogee kando kidogo, na yu-bolti zilizolegea baada ya mtu kufunga springi mpya na kusahau kuzikaza tena siku chache baadaye. Hili la kusahau lilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote. Majani ya springi hukaliana baada ya kubeba mzigo, nati zikapata nafasi, na ekseli ikaanza kupiga. Fundi mwerevu alimtaka mwenye lori arudi baada ya wiki. Mwenye lori hakurudi, kwa kuwa lori lilikuwa limeacha kulia na majani yalikuwa yakingoja.

Bushi za dukani zilipokosekana, na katika miaka ya 1980 vizuizi vya fedha za kigeni vilifanya spea nyingi zikosekane au zipande bei, mafundi walizikata kwenye matairi yaliyokwisha, mpira uleule uliotoa viatu vya akala. Wenye mashine za kukereza walichonga bushi za shaba. Kilichokosekana mlimani kilifuatwa Nairobi, kwenye barabara ya Grogan, mtaa wa spea ambao siku hizi huitwa Kirinyaga. Watu wa mlimani walisafiri zaidi ya kilomita mia moja kununua krosi kwenye barabara iliyopewa jina la mlima waliouacha nyuma.

Upande wa Meru zao lilikuwa miraa, na gari lilikuwa Toyota Hilux. Miraa hupoteza nguvu yake katika muda wa siku mbili hivi, na iliyokatwa Nyambene asubuhi ilipaswa kufika Nairobi ikiwahi ndege. Pikapu zilipakiwa hadi juu ya kichwa cha kabini na kuendeshwa kwa kasi ambayo wakazi wa kandokando ya barabara ya Embu wanaisimulia mpaka leo. Ili nyuma isilale, mafundi wa Maua na Meru waliongeza majani kwenye springi. Dawa hiyo ilizaa ugonjwa wake: nyuma ikiinuka, propela hukaa kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, na krosi huzunguka kwa taabu hadi sindano za ndani zikasagika. Fundi aliyeuza jani la ziada leo aliuza krosi baada ya muda si mrefu. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi Juni 2014, na Somalia ilipoifungia milango kuanzia 2020 hadi 2022, hasara ilihesabiwa kwa wakulima na wachuuzi. Mafundi wa springi hawakuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Katikati ya hayo ilikuwa imekuja enzi ya matatu za abiria 14, ambazo Wakenya huziita nissan hata zikiwa Toyota. Difu zake zilikuwa za kawaida na spea zilipatikana. Taabu yake ilikuwa uzito wa watu 20 na zaidi. Kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi aliyekuwa mbunge wa Kangema jirani tu na Nyeri, zilipoanza kutumika Februari 2004, kila abiria alitakiwa awe na kiti na mkanda, na gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Zilitungwa kuokoa maisha ya watu. Springi za nyuma nazo zilinufaika, angalau kwa miezi ile ambayo askari walizisimamia kwa dhati.

Kisha gari lililotawala mlimani likaacha kabisa kuwa na difu nyuma. Tangu biashara ya uagizaji ilegezwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yamekuwa yakiingia kwa meli, na sharti la kutozidi miaka minane limeamua ni aina gani itakayoonekana barabarani. Toyota Probox, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ndiyo iliyochukua nafasi ya ile 504 ya zamani: inabeba abiria kati ya Nyeri, Karatina, Kerugoya na Kutus, asubuhi watu, mchana magunia ya nyanya. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Difu yake iko ndani ya gia, mbele. Mwenye gari akija gereji akisema "difu inagonga nyuma," fundi kijana hujua mara moja kwamba sivyo, kwa kuwa huko nyuma hakuna difu ya kugonga. Atatikisa gurudumu akitafuta beringi, atasukuma taribo kwenye bushi, atatazama kichwa cha shokabzoba kilikofungwa kwenye bodi. Kazi yote inaweza kuisha kabla ya saa sita. Ujuzi wa shimu na rangi kwenye meno haumsaidii hapo.

Nao wazee wenye ujuzi huo hawakosi wateja. Canter na Isuzu za kubeba majani, mawe na mchanga bado zina krauni na pinioni, na pikapu za 504 hazijaisha zote Mwea, ingawa spea zake sasa hutoka kwenye maiti za wenzake. Serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na kuifungua tena mwezi Mei mwaka huo, mengi yalisemwa kuhusu wezi wa nyaya. Machache yalisemwa kuhusu gereji ambazo ghala lao ni yadi ya chakavu.

Barabara nayo inabadilika. Ile ya njia mbili kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84, imeondoa sehemu kubwa ya mashimo yaliyowalisha mafundi wa Karatina, lakini njia za kuelekea vituo vya chai ni zilezile. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ili fundi asiyekaa darasani aweze kupimwa na kupewa cheti. Hapo Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichoanza mwaka 1972 kama taasisi ya harambee ya wakulima, kinafundisha uhandisi katikati ya shamba la kahawa. Yeyote atakayewapima mafundi hao itampasa aamue kwanza ataleta gari gani uwanjani, Isuzu au Probox, kwa maana walioshika difu maisha yao yote na walioanza na Probox hawatasikiliza sehemu moja.